Mtoto Aliyeendelea Kukua

Picha ya kwanza ilimkuta mama mmoja, fundi cherehani, akitia uzi kwenye sindano, asubuhi, mlango ukiwa wazi. Simu ilitetema. Kwenye ule mtandao wa bure alikozoea kumwaga maisha yake yote, alimwona binti yake amesimama amevaa sare ya darasa la tatu, jino la mbele limeota.

Binti huyo alikufa akiwa darasa la kwanza, na pengo kinywani.

Fundi hakulia. Tangu mazishi machozi yalikuwa yamemkauka. Aliitazama picha, akaweka simu chini, akamalizia kola.

Jioni alimwonyesha dada yake.

"Kuna mtu anatuchezea," dada akanong'ona. "Ripoti, waifute."

"Nimeripoti mara tatu. Wenye mtandao wanasema akaunti iliyoituma si yangu, na picha haijavunja sheria. Zile nilizotuma akiwa hai, wanasema, niliwapa ruhusa mwenyewe."

"Ulisoma ulichokubali?"

"Nani husoma, dada?"

Zikaja nyingine. Mtoto na daftari. Mtoto amelala kwenye kitanda ambacho fundi alikwisha kukigawa. Na kila picha ilitanguliwa na mlio mdogo, kacha, kama wa kamera, kutoka chumba cha ndani kisicho na mtu, kisha ikaja harufu ya mafuta ya nywele aliyokuwa akimpaka mwanawe kabla ya shule, ikapita mlangoni, ikazunguka meza ya kukatia nguo, ikatulia nyuma ya shingo yake kama pumzi ya mtu anayesubiri kusemeshwa.

Dada akamleta mganga, mama mmoja mkavu wa maneno. Alisoma kisomo cha kutoa pepo hadi jua likapinduka. Ghafla dada akainamisha kichwa, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mzee, tena yenye adabu.

"Nani kakuleta?" mganga akauliza.

"Mwenye nyumba. Alituma picha mia nne na kumi, akachagua wote wazione. Na sisi tumo katika wote."

"Mrudishie mwanawe."

"Mtoto sikumchukua. Nimechukua sura, nayo niliikuta njiani. Nikaona inakaa vilevile tu, haina mlezi. Nikailea."

Fundi alisikia yote hayo kama mtu anayesikia habari za jirani. Alijiuliza jambo moja tu: huko aliko mwanawe, nani anamsuka?

Mganga alisoma tena, kwa ukali. Harufu ikakatika. Dada akapiga chafya tatu, akaomba maji.

"Nyumbani ametoka," mganga akasema akikunja mkeka. "Kwenye picha sina uwezo. Ufunguo wa mlango ule uko kwa watu wasiojua kisomo. Zikija tena, usimkaribishe. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

Siku tisa zikapita kimya. Siku ya kumi, mchana, simu ikatetema. Picha ilionyesha mgongo wa fundi mwenyewe, ameinamia gauni la kijani alilokuwa akilishona dakika ileile. Ilikuwa imepigwa kutoka kimo cha mtoto wa miaka tisa. Chini yake yameandikwa maneno mawili: *Mama yangu.*

Hakugeuka. Mkono wake ulibaki juu ya gurudumu la cherehani kwa muda mrefu. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mdogo, akaendelea kushona.