Msonyo Chini ya Vanishi

Msonyo wa kwanza ulisikika sebuleni mchana kweupe, mrefu, wa dharau, ule unaomwambia mtu kwamba hastahili hata tusi. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Umenisonya?"

"Mimi, mama? Nikusonye wewe?" Mkamwana alishtuka. Alidhani amesonywa yeye, maana kwa bibi huyo kusonya ni kama kupiga chafya.

Jamani, bibi yule! Kila chakula chumvi imezidi, kila nguo haijatakata. Mkamwana aliyameza yote tangu aolewe, hakuwahi kujibu hata kwa kukunja uso. Na mumewe? Mwanamume jina tu. Mama akikohoa, yeye mbio kutafuta maji. Sakafu ya mawe ya sebuleni aliipaka vanishi mwenyewe, mawe yakiwa bado yamelowa, kwa sababu mama alitaka ing'ae upesi. Kung'aa iling'aa. Kisha ikafanya ukungu mweupe, ikavimba malengelenge, ikaanza kubanduka.

Misonyo ikazidi, na kila ulipotoka mmoja, sebule ilinuka kisima kilichofukiwa. Mama mkwe akamwita mwanawe.

"Huyu mkeo akinisonya tena, arudi kwao."

"Sawa, mama," kikajibu kidume.

Mkamwana akaita fundi. Walimwita Penseli, kwa ile penseli ya sikioni ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiandikia.

"Fundi, sakafu inasonya," akamnong'oneza. "Naogopa ni jini."

Penseli akabonyeza lengelenge kwa kidole gumba. Likasonya. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Jini wenu ndiye huyu! Unyevu umefungiwa, unatafuta pa kutokea. Nani kapaka uchafu huu?"

Mume akatazama dirisha.

Penseli akamwaga dawa ya kulainisha, akaanza kukwangua, na mkamwana akapiga magoti kuzoa magamba. Katikati ya chumba palikuwa na lengelenge kubwa kama sinia, na alipoliinamia aliliona likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala, na chini ya vanishi iliyofifia kitu cheusi kikageuka kumwelekea, na harufu ya kisima ikamjaa puani, na kabla hajawahi kusema "Fundi, ngoja," chuma cha Penseli cha kukwangulia kikalipasua, na pumzi ya baridi ikampiga kinywani, kinywa chenyewe kikiwa wazi.

"Nini kile?" Penseli akanong'ona. Kicheko kilikuwa kimemkauka.

"Sijui. Nimemeza kitu."

Mawe yakaachwa yakauka vizuri, kisha yakapakwa dawa nyepesi inayoliacha jiwe lipumue. Kukawa kimya. Hakuna msonyo, hakuna harufu. Hata mama mkwe akaona haya, na alasiri moja akaja kukaa karibu na mkamwana wake, mwanawe akiwa amesimama nyuma yake.

"Mwanangu, nilikusingizia. Kumbe ilikuwa sakafu. Nisamehe."

Maneno hayo aliyangoja tangu siku ya harusi. Machozi yakamlengalenga. Akafungua kinywa aseme, "Yameisha, mama."

Ukatoka msonyo. Mrefu, wa polepole, unaonuka kisima. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, nao ukaendelea kutoka katikati ya vidole, na lililomtisha zaidi ni kwamba alisikia raha.

Mama mkwe aliachama, akamgeukia mwanawe.

"Sawa, mama," mumewe akasema, akaenda chumbani kumtolea mkewe sanduku lake.