Singa za Farasi Chini ya Kizingiti

Kunnei, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi tatu kila alipotoka shule: kumnywesha ndama, kuingiza kuni ndani, na kumenya viazi vya jioni. Mwezi wa tisa ulipokaribia kwisha, iliongezeka ya nne. Babu Prokopi alimkabidhi gunia la singa za mkia wa farasi, vipande vya sufu nzito na kamba, akamfungulia mlango mdogo wa sakafuni.

"Mwaka jana niliingia mwenyewe," alisema. "Mwaka huu tumbo limekataa."

"Tumbo halijawahi kukataa kitu," Bibi Maarya alidakia kutoka jikoni. "Ningejua, maana mpishi ni mimi."

Nyumba yao ilipashwa joto na boila moja ya kuni. Moto ulichemsha maji, maji yakapanda yenyewe ndani ya bomba hadi karibu na dari, yakazunguka katika vyuma vya joto vya kila chumba, kisha yakarudi chini yakiwa yamepoa ili yapashwe tena. Hakuna mashine iliyoyasukuma. Tangu akiwa mdogo Kunnei alipenda kuweka kiganja juu ya bomba na kusikiliza mwendo ule wa kimya, kama mtu anayeshika mkono wa aliyelala.

Mahali pamoja tu palikuwa na shida. Kwenye mlango wa mbele, bomba la kurudi lilizama chini ya sakafu ili watu wasijikwae. Lilipita hatua nne gizani, chini ya kizingiti, juu ya ardhi ambayo haiyeyuki hata kiangazi, kisha likapanda tena. Hatua hizo nne ndizo zilizotakiwa kufungwa ili maji yasigande.

"Singa kwanza, halafu sufu, halafu kamba," Babu alisema. "Usiache hata upana wa kidole. Unakikumbuka kile?"

Alionyesha kwa kidevu rafu iliyokuwa juu ya boila. Pale palikaa kipande cha bomba la chuma, kinene kuliko mkono wa Kunnei, kimepasuka urefu mzima kama ganda la njegere. Majira ya baridi yaliyopita Babu alikijaza maji, akakiziba pande zote mbili na kukiacha uani usiku mmoja. Asubuhi Kunnei aliingiza kidole katika ule ufa. Maji yale yale anayonywa mtoto yalikuwa yamerarua chuma.

Alitambaa ndani na tochi mdomoni. Alifunga hatua ya kwanza vizuri, ya pili vizuri, na ya tatu pia. Ya nne ilikuwa kwenye pembe kabisa, mahali ambapo mbao zilishuka hadi ikambidi alalie shavu. Hapo ndipo aliposikia mtu akigonga ukuta kwa nje.

"We Kunnei, unataka kuzeekea humo?" Ilikuwa sauti ya Tuyaara, rafiki yake wa jirani. "Ziwa limeganda. Barafu nyeusi, unaona hadi chini. Theluji ikianguka tu, basi."

"Nimebakiza kidogo."

"Kidogo kwani kitakimbia?"

Kunnei aliisukuma singa iliyobaki kwenye ile pembe bila kuifunga, akatoka kinyumenyume.

Ziwani walilala kifudifudi juu ya barafu iliyo safi kama kioo. Chini yao majani ya maji yalisimama wima, na samaki mmoja alipita taratibu chini ya kifua cha Kunnei. Kesho yake theluji ilianguka ikafunika yote, na Kunnei akajiambia kwamba hakukosea kwenda.

Jumapili iliyofuata boila iliwashwa kwa majira ya baridi. Nyumbani kwao siku hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Bibi Maarya aliukaanga mkate mwembamba, akaupaka siagi na kuutia motoni kwanza, kabla mtu yeyote hajaonja. Kisha kila mmoja aliuambia moto alichoifanyia nyumba. Babu alisema amezibua bomba la moshi na kurundika udongo kuzunguka kuta. Mama, Sargylana, aliyekuwa karibu kujifungua, alisema ameziba nyufa za madirisha. Baba alisema ameleta magogo ya miezi minane. Mbele ya moto hapakuwa na kuulizana maswali. Kilichosemwa pale hakikukaguliwa tena na mtu.

"Na wewe?" Bibi aliuliza.

"Nimefunga bomba lote chini ya kizingiti," alisema Kunnei. Ulimi wake uliyatoa maneno hayo kwa urahisi uliomshangaza.

Mwezi wa kumi na mbili mtoto Bergen alizaliwa. Siku chache baadaye Baba aliondoka na lori lake kwenda kaskazini juu ya mto ulioganda. Baridi ikazidi kushuka, hadi asubuhi moja redio ikatangaza digrii hamsini na mbili chini ya sifuri na shule kufungwa. Kunnei alitoka kumpa ndama nyasi. Moshi wa kijiji kizima ulisimama kama nguzo. Alipopumua, pumzi yake iliganda hapo hapo ikaanguka ikinong'ona karibu na masikio, kama nafaka inayomiminwa mbali. Wazee husema hizo ni nyota zinazozungumza. Alisimama akasikiliza hadi kope zikaanza kushikana.

Aliporudi ndani, boila ilikuwa ikigonga. Iligonga kama mtu aliyefungiwa ndani.

Babu alikuwa amepiga magoti, kiganja juu ya bomba la kurudi. "Baridi," alisema. "Maji yanapanda, hayarudi. Limeganda mahali fulani." Alichota makaa kwa sepeto, akayatia kwenye ndoo ya chuma na kuyatupa nje kabla boila haijapasuka. Mlio ukapungua. Joto nalo likaanza kupungua.

Mama alitoka chumbani na Bergen, mwenye wiki tatu, ndani ya ngozi ya sungura. "Baba, tuna muda gani?" alimuuliza Babu.

"Saa moja. Nisipopaona, itanibidi nifungue koki nimwage maji yote, na nyumba ikae bila moto. Mtapelekwa kwa kina Tuyaara."

"Kwa baridi hii?" Bibi alisema. "Kifua chenyewe cha mtoto ni kama cha ndege."

Babu alianza kugonga bomba kwa nyundo ndogo, akisikiliza, chumba hadi chumba. Alivuta kitanda, akabandua ubao ukutani. Alipofika mlango wa mbele alikipita kizingiti bila kusimama.

"Umeruka hapo," Bibi alimwambia.

"Hapo hapana. Hapo alifunga Kunnei. Aliuambia moto."

Kunnei aliona mvuke mwembamba ukitoka puani mwa Bergen. Ndani ya nyumba, mvuke.

"Babu," alisema. "Ni hapo."

Babu aligeuka.

"Sikuifunga hatua ya nne. Niliisokomeza singa tu, nikaenda ziwani. Nilidanganya."

Babu aliinamisha kichwa kidogo, akaiweka nyundo chini, akaenda kufungua mlango wa sakafuni. "Ingia," alisema. "Bibi atakupa vitambaa vya maji moto. Anza pembeni mwa barafu, usianze katikati. Barafu ikiyeyuka, maji yapate pa kutokea, la sivyo yatapasua chuma. Unanisikia?"

"Nasikia."

Chini kulikuwa kumebadilika. Tochi ilipomulika, sakitu, umande ulioganda, iling'aa kila upande: manyoya meupe marefu kama kiganja yameota kwenye mbao, maua yasiyo na harufu yananing'inia kila mahali. Kunnei hakuwahi kuona kitu kizuri hivyo, wala kitu kilichomtisha hivyo. Yote yalikuwa yameingia kimya kimya kupitia pembe moja, na katikati yake bomba lake lilikaa uchi, jeupe, singa zimeanguka kando.

Alilaza shavu. Alizungushia kitambaa, akakitoa, akazungushia kingine. Bibi alivipitisha, Babu akahesabu kwa sauti ili Kunnei asikie kuna mtu. Vidole viliacha kuuma, na hiyo ikamwogopesha zaidi. Kwenye kitambaa cha ishirini na kitu, ndani ya chuma kitu kililia, krrr, kikanyamaza. Aliweka kiganja. Kwanza hakuna. Halafu, polepole mno, ule mwendo aliokuwa akiujua.

"Yanatembea," alisema. "Babu, yanatembea."

"Halijapasuka?"

"Halijapasuka."

"Basi lifunge. Singa kwanza."

Alilifunga hadi pembe ya mwisho. Alipotoka, Babu aliichukua mikono yake akaiweka kwapani mwake mwenyewe, wakakaa hivyo mbele ya boila iliyowashwa upya. Bibi alileta mkate mwembamba wenye siagi, safari hii akampa Kunnei autie motoni.

"Nilisema uongo hapa," Kunnei aliuambia moto. "Sasa nimefunga lote. Babu akitaka, aingie akague."

"Na tumbo hili?" Babu alisema. Mama alicheka kwanza, Bergen akashtuka.

Kisha Babu akakishusha kile kipande cha chuma kilichopasuka, akampa akishike. "Nilikuonyesha nguvu ya maji, nikadhani inatosha," alisema. "Sikukuonyesha nguvu ya neno. Niliipita ile pembe kwa sababu ya neno lako, na ningemtoa mtoto nje kwa sababu yake. Kazi ambayo haijaisha inatengenezeka, mjukuu wangu. Njoo useme, 'Babu, nimebakiza hatua moja,' tutaimaliza pamoja. Ila ukisema imeisha, hakuna atakayekwenda kutazama tena, na baridi itakuwa ya kwanza kupaona."

Kunnei alikirudisha chuma juu ya rafu, upande wa ufa ukitazama chumba. Halafu akaenda kumenya viazi.