Hofu ya Mzee Pawlak

Ndugu zangu, sisi tuliokulia Toledo enzi zile za viwanda vya vioo tulikuwa na timu. Leo vijana nikiwaambia wanadhani nawatania, maana pale palipokuwa na uwanja sasa watu wanaegesha magari. Lakini timu ilikuwepo, ya mpira wa kikapu, tena ya ligi kuu, na iliitwa Mafundi Vioo.

Mimi ni Rosalie Kubiak. Nilifua jezi za timu ile kwa miaka kumi na tisa. Chumba changu cha kufulia kilikuwa chini ya jukwaa, na nikiuacha mlango wazi niliuona uwanja wote. Hadithi hii sikuisoma popote.

Asubuhi za mazoezi ndizo ninazozikumbuka zaidi. Wachezaji wengine wakienda kuoga, Luther Tidwell, nyota wetu, alibaki uwanjani na madogo wawili. Wa kwanza aliitwa Wendell Crume, kijana mwembamba kutoka Mississippi. Wa pili alikuwa Augie Lindqvist wa Minnesota, mrefu mno, mikono ya mashati ya dukani ilimwishia kwenye viwiko. Luther alikuwa na miaka thelathini na moja, wao hawajafika ishirini na mbili.

"Dogo, unaruka mapema," Luther alikuwa akimwambia Wendell. "Kikapu hakina miguu, hakiendi popote. Mwache anayekukaba aruke kwanza, akianza kushuka ndipo upande wewe."

"Nikichelewa ananipora mpira, kaka."

"Akikupora leo si ndiyo umejifunza? Rudia."

Safu ya tatu waliketi mzee Leonard Pawlak, mwenye timu, na binti yake Dolores. Mzee alikuja na pierogi za nyumbani, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, kwenye kopo, akila huku akitazama, na kila Augie alipofunga alimgusa binti yake kwa kiwiko. Madogo wale aliwapata Dolores mwenyewe, kwa kuendesha gari majira ya baridi hadi vyuo ambavyo hata majina yake hatukuyajua. Tangu mama yake afariki, baba na binti waliendesha nyumba na timu pamoja, na walikuwa wakicheka sana. Nasema hivyo kwa sababu kicheko kile sikukisikia tena baadaye.

Januari ya mwaka 1978 gazeti liliandika kwamba mkataba wa Luther unakwisha Juni, na kwamba timu moja kubwa ya Magharibi inamsubiri. Mwandishi alimuuliza Luther kama atabaki. Luther akajibu, "Nataka kushinda kabla goti halijanikatalia." Hakusema zaidi ya hapo.

Asubuhi ile nilipeleka taulo ofisini nikawakuta wanabishana.

"Tukimkosa Luther, nani atakanyaga uwanja huu?" mzee alikuwa akisema.

"Umemuuliza, baba?"

"Nimuulize nini? Si kasema mwenyewe gazetini."

"Kasema anataka kushinda. Hajasema anataka kuondoka. Mwite mnywe kahawa, umuulize."

"Mtu akijua unaogopa kumpoteza, anakupanda kichwani."

Kumbe mzee alikwisha kuzungumza kwa simu na timu moja ya Kusini. Ingempa Roy Stamper, mchezaji wa miaka thelathini na minne aliyewahi kuwa bingwa mara mbili. Nayo ingechukua Wendell, Augie, na zamu zetu za kuchagua vijana wapya kwa misimu miwili.

"Stamper ana mgongo wa bibi kizee," Dolores alisema.

"Stamper ana pete mbili za ubingwa."

"Pete hazirudi nyuma kukaba, baba. Luther amebakiza miaka mitatu ya mpira, minne akijaliwa. Hawa watoto wana kumi na miwili."

"Unawatetea kwa sababu umewaokota wewe."

"Ndiyo, nimewaokota mimi. Ndiyo maana nawajua."

Mzee akageukia dirisha. Niliweka taulo nikatoka.

Hapa, ndugu zangu, nisijitoe kwenye lawama. Wiki ile mji mzima ulipiga simu redioni kumtaka Stamper. Kwa kinyozi, kanisani, kwenye foleni ya mkate, wote tulisema mzee Pawlak ana akili. Hata mimi nilisema hivyo. Tulimpenda Luther mno, tukasahau kuna watu wengine wenye jezi.

Mpango wa mzee ukapita, na Alhamisi madogo walikuja kwangu kurudisha jezi. Theluji ilikuwa ikianguka na viatu vyao vilikuwa vimelowa.

"Mama, yangu uifue mara mbili," Wendell alisema. "Asije mrithi akasema nilikuwa nanuka."

Alicheka, lakini macho hayakucheka. Augie aliikunja jezi yake, akaikunjua, akaikunja tena, mpaka nikamwondolea mikononi.

Saa moja baadaye Luther alirudi kutoka kwa daktari wa goti. Akapita chumba cha kubadilishia nguo, akaja mlangoni kwangu.

"Mama Rosalie, madogo wako wapi? Makabati yao yako wazi."

"Wametolewa ili aje Stamper. Hujaambiwa?"

Akakaa juu ya kapu la taulo. "Nani kaomba?"

"Watu wanasema umeomba wewe."

"Mimi? Mimi sijaulizwa hata habari za asubuhi."

Nilimsihi apande ofisini akaseme na mzee. Hakutaka. Alisema aliyeamua bila yeye amalize bila yeye. Hapo Luther naye alikosea, nami nilimwambia. Ofisi ilikuwa juu, chumba cha wachezaji chini, na kati yao ngazi ishirini tu. Mzee alikaa juu na hofu yake, nyota akakaa chini na hasira yake, na hakuna aliyezitumia ngazi zile.

Stamper alikuwa mtu mwema. Alifika mapema kuliko wote, akafungwa bandeji kiunoni, akacheza kwa moyo. Mchezo wa kumi na mbili mgongo ukagoma, wakamtoa kwa machela. Kwenye mtoano tulitolewa raundi ya kwanza.

Juni Luther alipanda ngazi. Maneno ya siku ile nilisimuliwa na mzee mwenyewe, miaka mingi baadaye.

"Yote niliyafanya kwa ajili yako," mzee alimwambia.

"Najua, mzee. Ndiyo maana yameniuma."

"Si ulitaka kushinda?"

"Nilitaka kushinda na wale wawili. Walibakiza mwaka mmoja tu waive. Ningebaki hapa hata goti likifa, nikavaa suti nikakaa pembeni niwafundishe. Sasa nibaki nimfundishe nani?"

Luther akampa mkono, akaenda Magharibi.

Baada ya hapo tulibaki kama shamba lililovunwa mara mbili. Nyota hatuna, vijana hatuna, na zamu za kuchagua wapya tumezigawa. Viti vikaanza kubaki vitupu, kwanza vya juu, kisha vya chini. Dolores alivumilia msimu mmoja. Siku aliyofunga sanduku lake alimwambia baba yake, "Sikuachi kwa sababu ya mpira. Nakuacha kwa sababu miaka kumi na minne umenisikia bila kunisikiliza." Akaenda kufanya kazi katika timu ile ya Kusini, kwa madogo wake.

Mwaka 1981 Wendell na Augie walikuja kucheza kwetu kama wageni. Wendell alitufunga pointi arobaini na moja. Alipotoka, watu wa Toledo wakasimama wakampigia makofi, wengine wanalia. Nikachungulia safu ya tatu. Mzee Pawlak alikuwa amesimama peke yake, anapiga makofi taratibu, kofia ameivua.

Miaka miwili baadaye timu iliuzwa, ikahamishiwa mji mwingine, ikabadilishwa hata jina. Jezi nilizifua mara ya mwisho bila kujua zinavaliwa na nani tena.

Mzee alibaki kwenye nyumba yake ya mtaa wa Lagrange, vyumba vingi na mtu mmoja. Jumapili nilimpelekea supu. Alasiri moja ya Juni, mwaka 1985, tulitazama fainali kwenye televisheni yake. Wendell na Augie walitwaa ubingwa. Kamera ikapita kando ya uwanja, akaonekana mwanamke mwenye nywele zilizoanza mvi, ameshika faili kifuani.

"Yule binti yangu," mzee aliniambia, kama kwamba sikumjua. "Amekonda."

"Mpigie simu."

"Nitamwambia nini, Rosalie?"

"Usimwambie kitu. Muulize habari zake, halafu unyamaze umsikilize."

Akapiga kesho yake asubuhi. Waliongea robo saa, mengi ya hali ya hewa. Krismasi Dolores alikuja nyumbani, wakamegeana mkate mwembamba mezani kama ilivyo desturi yetu Wapolandi. Machi mzee alifariki. Binti alirudi, namshukuru Mungu. Timu haikurudi.

FUNZO

Ndugu zangu, mzee Pawlak hakuwa mwovu. Alikuwa mwoga, na woga wa kupoteza ulimfanya apoteze. Ukiwa na kitu unachokipenda sana, usikate kila kitu kingine ili kukishika, maana huenda hivyo unavyovikata ndivyo vilivyokishikilia. Wazazi wanaowasahau wadogo kwa kumbembeleza mkubwa, mabwana wa viwanda, viongozi wa makanisa, sikieni. Vijana ni kesho yenu, na kesho haiuzwi kwa sababu ya hofu ya leo. Na kabla hujawatoa wengine mhanga kwa ajili ya mtu, nenda kamuulize anataka nini. Kuuliza hakumshushi mtu hadhi. Sisi tuliona haya kuuliza, na sasa tunaegesha magari mahali tulipokuwa tukishangilia.