Suti ya Bonge

Mimi ni fundi nguo. Ninaamini tepu, mkasi, na kitambaa kilicholowekwa kabla ya kukatwa. Habari za mizimu nilikuwa nawaachia wasio na kazi. Lakini hili lilimkuta shangazi yangu, nikiona kwa macho yangu mawili, na mkono wangu umo.

Shangazi ndiye aliyenifundisha kushona. Tulikuwa na vyerehani viwili, dirisha moja, na redio iliyokuwa ikikoroma kuliko kuongea. Mwanawe wa pekee alikuwa askari. Tulimwita Bonge, maana kila kiti alichokalia kililalamika. Alipokuja likizo, Shangazi alimpima suti ya harusi, akaikata, akaipiga bandi, ile mishono ya muda ya kujaribia. Bonge akaitwa vitani kabla ya kuijaribu. Na kwetu sheria ilikuwa moja: nguo haipigwi mshono wa mwisho mpaka mwenyewe aje aivae, tuone inavyomkaa.

Kilichorudi ni jeneza. Lilikuja limepigiliwa misumari, pamoja na amri kwamba lisifunguliwe. Tukazika. Shangazi hakutoa chozi. Alisema hajamwona mwanawe, kwa hiyo hajamzika. Suti akaiacha imetundikwa ukutani, inamngoja mwenyewe. Chakula hakikupita, usingizi haukuja, na mimi nikaanza kuogopa kwamba nitamzika na yeye.

Wiki ya tatu, mchana kweupe, tulitoka uani kunywa chai. Tuliporudi tukakuta mguu wa kushoto wa suruali umekunjwa hadi juu ya goti, umebanwa kwa pini. Nilimtazama Shangazi. Naye alikuwa ananitazama mimi.

Kesho yake kiuno kilikuwa kimepunguzwa inchi mbili. Siku mbili baadaye, inchi mbili nyingine. Mlango tulikuwa tumeufunga, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga yangu. Pini zilikaa kwa mpangilio, kama zinavyokaa nguo ikiwa mwilini mwa mtu.

Shangazi akaninong'oneza, "Anakonda."

"Shangazi, jamani. Tumeshamzika."

"Maiti hapunguzi kiuno, mwanangu."

Nywele zilinisimama, lakini hasira ikanizidi. Niliona kuna kitu kinamchezea mama wa watu, kinampa matumaini ya bure. Basi asubuhi alipokwenda tena ofisi ya jeshi kuwasihi wafukue kaburi, nikaishusha ile suti. Nikajiambia, suti ikiisha, na kungoja kutaisha. Tutaikunja, tutampa mwenye shida, na Shangazi atalia kama watu wengine wanavyolia.

Nikafuata pini. Mguu mfupi nikauziba. Nikahamia ubavuni mwa koti, kwa mkono, mishono midogomidogo. Kitambaa kilikuwa na joto. Nikaendelea. Kikatanuka chini ya vidole vyangu. Kikanywea. Kikatanuka tena. Mtu anapumua. Nilijua, wallahi nilijua. Nikafunga fundo. Nikakata uzi kwa meno. Kikatulia. Redioni ikatangazwa saa sita.

Hata pasi sijaiwasha, Shangazi akaingia mbio, anacheka huku machozi yanamtiririka. Karatasi zilichanganywa. Tuliyemzika alikuwa mtoto wa mama mwingine. Bonge alikuwa hospitali ya jeshi muda wote huo, amekatwa mguu wa kushoto, amebaki mifupa mitupu, lakini asubuhi hiyo alikunywa maziwa na kumuulizia mama yake. Kesho gari lingekuja kumchukua Shangazi akamwone.

Kisha akaiona suti mapajani mwangu.

"Nani kaimaliza?"

Simu yake ikaita. Akasikiliza amesimama, kisha akakaa sakafuni taratibu, simu bado ikiwa sikioni. Watu wa hospitali walisema Bonge hakuzidiwa wala hakupiga kelele. Pumzi ilimkatika tu, saa sita juu ya alama.

Safari hii jeneza lilifunguliwa. Cheti kilisema jeraha lilikuwa mguuni, kwingine hakuguswa. Lakini tulipomwinua mkono tumvishe, tukaona kitu ubavuni. Kuanzia kwapani hadi kiunoni palikuwa na mstari wa matundu ya sindano, madogo, yamebanana, yamelala kidogo upande wa kushoto. Shangazi aliupitishia kidole mstari ule mpaka mwisho wake. Fundi anaujua mkono wa mwanafunzi wake.

Hakunigombeza. Mpaka leo hajanigombeza, na hilo ndilo linaloniua. Alilichukua koti, akanipa.

"Mvishe wewe," akasema. "Mimi nilikuwa bado namngoja."