Viatu vya Namba Saba

"Cheche, namba saba asifike muji wa Komanda. Kule watamuvua viatu, kisha watamuua."

Redio ya Motorola ikanyamaza. Viviane, Cheche kwa redio, akafungulia pikipiki yake ya TVS gaz yote.

Mbele, ndani ya vumbi, Elysée, namba saba mugongoni, alikuwa anakimbiza velo, baiskeli yake, peke yake, wa kwanza katika mashindano ya amani. Viviane, mupelelezi wa serikali, zamani alishindana kwa velo pia. Aliangalia miguu tu.

Kijana alikuwa anasukuma na ncha ya vidole.

Mama ya kijana, Emérance wa mutaa wa Saio, ndiye alileta habari. Tangu tajiri Monsieur Roger amupe mutoto viatu vya Ulaya, kila jioni anarudi mashavu ya miguu yamekazana kama mawe. Na Fulgence, mukimbiaji mwenye Roger alimusaidia kabla yake, alikutwa amekufa porini kwa barabara ya Mambasa.

Bila viatu.

Viviane akamupita, akafunga njia.

"Vua kiatu."

"Mama, niko wa kwanza."

"Fulgence pia alikuwa wa kwanza. Vua."

Viviane akakigeuza. Kale, kile kipande kinachonasa pedali, inapaswa kukaa chini ya kifundo cha dole gumba. Hii ilisukumwa mbele mpaka mwisho wa kiatu. Akachomoa soli ya ndani. Chini yake, pale skrubu za kale zinapaswa kuingia, palichimbwa, pakajazwa dhahabu, nyembamba kama sabuni yenye inaisha.

Elysée hakuangalia dhahabu. Alikuwa anakwangua rangi nyeusi ya chini ya kiatu na kucha. Alama ya mahali kale ilifungwa mbele ikatokea, imepinda upande. Ni Fulgence peke yake alikuwa anafunga yake vile, kwa sababu mguu wake wa kuume uliangalia inje tangu kuzaliwa.

Wakimbiaji wengine wakapita, mumoja akamucheka Elysée ati amepasuka kwa kuchoka.

Gari Prado nyeupe ikasimama. Roger akashuka na kicheko chake.

"Mutoto wangu, umechoka?"

"Papa Roger, hii ni kiatu ya Fulgence."

Kicheko kikaisha. Mukono ukaingia ndani ya koti.

Makarov, bastola ya Viviane, ililia mara moja. Bastola ya Roger ikaanguka vumbini. Yeye akaifuata, ameshika mukono wenye damu.

"Cheche?" redio ikauliza.

"Namba saba iko muzima. Mukuje muchukue tajiri."

Askari walipomufunga Roger, Viviane akatia viatu ndani ya mufuko. Elysée alisimama na soksi katikati ya barabara.

"Mama yangu nitamuambia nini?"

"Umuambie aliona vizuri, shida ilikuwa viatu. Na weye, kitu ya bure ikikuumiza, uulize kwanza nani aliivaa kabla yako."

Akawasha TVS, akaondoka bila kugeuka.