Mkazi wa Gatwekera

Kila asubuhi Mercyline aliteka maji, akampa mdogo wake Derrick uji, kisha akatembea kutoka Gatwekera, mtaani Kibera, hadi shuleni Kawangware. Saa hiyo mama yake, Jentrix, alikuwa ameshakwenda kuketi nje ya mageti ya watu, akingoja wa kumpa nguo za kufua. Juma hilo alikuwa amerudi mikono mitupu siku tatu mfululizo, na uji ulikuwa maji zaidi ya unga.

Tumaini lao lilibaki moja. Kiwanda cha kushona sare kilikuwa kikifunguliwa pale Kibera, na serikali iliahidi kukipunguzia kodi kikiajiri wakazi wa mtaa. Jentrix hakujua kusoma, lakini cherehani aliijua. Alipita mtihani wa kushona kola bila kufumua hata uzi mmoja.

"Nikiikosa hii, tunarudi ushago, kijijini kwetu Busia," alimwambia Mercyline. "Nimechoka kuwalaza njaa."

Jumatano jioni walikwenda pamoja kutazama majina yaliyobandikwa ofisini kwa kamati ya wakazi. Mercyline ndiye aliyesoma. Jina la mama yake lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na kando yake pameandikwa: si mkazi.

"Bi. Fatna, unanijua," Jentrix alimlilia mwenyekiti wa kamati, mama aliyezaliwa Kibera na kuzeekea hapo hapo. "Tunateka maji bomba moja."

"Nakujua, Mama Mercyline. Lakini watu wa mbali wametujia na barua za uongo, ndiyo sababu tunafuata kadi ya shule ya mtoto. Ya mtoto wako inasema mnaishi Kawangware. Nikikupitisha kwa kukujua, kesho nitampitisha binamu yangu kwa kumjua. Orodha inafungwa kesho saa sita mchana."

Fomu ya shule iliyotoa anwani hiyo Mercyline aliijaza yeye mwenyewe, maana mama yake hakujua kusoma. Shuleni, watoto wa Gatwekera walichekwa kwamba wanalala juu ya mitaro, basi yeye akajipa nyumba ya mawe yenye roshani huko Kawangware, pamoja na shangazi ambaye hata hajazaliwa.

Walipofika nyumbani, Jentrix alianza kutia sufuria kwenye gunia. Derrick aliuliza kama ushago kuna chakula.

"Mama, ni mimi," Mercyline alisema. "Niliandika Kawangware. Niliona aibu."

Alingoja kofi, lakini halikuja. Mama yake aliketi juu ya mtungi wa maji, akafunika uso kwa leso, akalia. Afadhali angempiga.

Kesho yake Mercyline alimweleza mwalimu wake wa darasa, Bwana Walubengo, yote, mbele ya wenzake. Rafiki yake Awiti alimkodolea macho.

"Na ile nyumba yenye roshani?"

"Haipo," alijibu, machozi yakimtoka.

Mwalimu alitazama saa, akatia muhuri wa shule mfukoni. "Siwezi kuandika nisichokiona. Nipeleke kwenu."

Walitembea mbio mbio, wakavuka reli, wakashuka vichochoro vya Gatwekera. Mwalimu aliinama kuingia mlangoni, akamkuta Jentrix kando ya lile gunia lililofungwa, na pale pale akaandika barua kwamba wanaishi hapo na kuigonga muhuri wa shule. "Mficha uchi hazai, Mercyline," alisema tu, akampa barua.

Mercyline na mama yake walifika kwa kamati saa sita kasoro dakika chache. Bi. Fatna aliisoma barua mara mbili, akamgeukia Mercyline.

"Mwanangu, watu wa mbali wanadanganya kwamba wanaishi Gatwekera ili wapate kazi. Wewe unayeishi Gatwekera unadanganya kwamba unaishi mbali. Serikali imefungua mlango kwa ajili ya mama yako, na wewe ukaufunga kwa kalamu."

Kisha akaliandika upya jina la Jentrix, mwisho kabisa wa orodha.

Walipofika mlangoni kwao, Jentrix alisimama. Alishika ukuta wa mabati kana kwamba anaupima.

"Nyumba hii haijawahi kuninyima kazi," alisema. "Uongo wako ulikaribia. Sasa ingia unisaidie kutoa sufuria kwenye gunia."