Ngozi za Msiba

"Jana jioni ulikuwa wapi, Lionel?"

"Carys, mpenzi, mara ngapi nikwambie? Mnarani! Tulipomaliza kumzika mzee Pugh, niliachiwa mimi kazi ya kuzivua zile ngozi za msiba, zinazofungwa upande mmoja wa ndimi za kengele ili mlio ufifie. Leo kuna harusi. Ulitaka bibi harusi apokelewe na kengele za msiba?"

Walikuwa wakitembea kandokando ya mto Wye, maji yamejaa tope, manyunyu hayakatiki. Jana Carys alimpikia pai ya nyama, ikapoa mezani, akaila peke yake kwa uchungu. Harusi yao wenyewe ilikuwa mwezi ujao, na roho haikuwa imetulia.

"Basi yaishe. Wivu tu wa kijinga."

"Umezidi, bwana!" Lionel akacheka, akamshika kiuno. "Sikiliza, wanaanza."

Kengele za kanisa kuu zikalia. Mlio wa kwanza ulikuja mkali. Wa pili ukaja umezibwa, kama mtu anayelia ndani ya blanketi. Mkali, mfu. Mkali, mfu. Watu waliokuwa wakitembeza mbwa wakasimama, wakatazamana.

Mkono wa Lionel ukatoka kiunoni.

"Hukupanda mnarani," Carys alisema.

"Labda... labda moja ilinipita."

"Moja? Hizo ni zote, Lionel! Unanifanya mtoto?"

Simu ya Lionel ikaita. Carys akamnyang'anya, akapokea. Mkuu wa wapiga kengele alikuwa akifoka:

"We Lionel, una wazimu? Bibi harusi analia mlangoni! Jana nimewapa ufunguo wewe na Hester, mkaenda wapi?"

Hester. Binamu yake Carys, aliyekuwa amsimamie kwenye harusi. Juzi tu alikuwa akimpima gauni, huku akimwambia amependeza.

"Hester, Lionel?"

Lionel akaangalia viatu vyake.

"Ilitokea tu."

"Tangu lini?"

"Krismasi."

Carys akamrudishia simu, na pete ya uchumba juu yake.

"Kimbia ukazivue hizo ngozi. Yule dada wa watu hana kosa."

"Na harusi yetu, Carys?"

"Kengele zake ndizo hizo. Umeshazipiga."

Akamwacha pale, akashika njia ya darajani, macho makavu. Nyuma yake kengele zikakatika. Alikuwa katikati ya daraja zilipoanza upya, safi, zote, zikimshangilia mke wa mtu mwingine. Hapo ndipo alipolia.